Amekuwa Dhaifa

Kofi la kwanza nililopigwa na babaangu nilipigwa Matrah, huko Oman, kwa kosa la kuwa mnene. Nilikuwa na miaka kumi au kumi na moja, na baba alikuwa amenishika mkono kwenda naye kwa tajiri mmoja kuomba kazi ya ukarani. Nadhani alifikiri mtoto akionekana kando yake atamtia mtu huruma. Tajiri alinitazama tangu utosini hadi nyayoni, kisha akawageukia wenziwe waliokaa naye kwenye kahawa. Akasema watu hawa wa Zanzibar kutwa wanalia kuwa wamenyang'anywa kila kitu, na mtoto wao kanona kama ng'ombe wa sikukuu. Wakacheka. Baba naye akacheka, maana mwenye shida hucheka anapochekwa. Tulipoingia kichochoroni akaniachia mkono, akanipiga kofi la shavu la kulia, halafu la kushoto. Nilipigwa mimi, akalia yeye, na kazi hakupata.

Mpaka leo watu wakiniuliza kwa nini simsamehe yule tajiri, husema kwanza nionyesheni kaburi lake nikalipige mateke, kisha tuzungumze habari ya kusamehe.

Unguja sikuwa mnene. Nilikuwa mtoto wa kawaida, mwenye magoti yaliyochubuka na mdomo mrefu. Siku zile za Mapinduzi mwanzoni mwa 1964, mamaangu alinichukua akanificha ghala ya jirani, nyuma ya magunia. Kutoka pale tulisikia mlango wetu ukipasuliwa kwa shoka. Tulimsikia babu akiwauliza wanataka nini, kisha tukasikia wanachotaka. Kila nilipofumbua kinywa nipige kelele, mama alikishindilia mkate. Alikuwa ametoka jikoni na kikapu cha mikate ya mofa, hajui mwenyewe kwa nini alikibeba, na mikate ile ndiyo iliyotuokoa, kwa sababu mtoto aliyejaa mkate mdomoni halii. Niliila yote. Tulipotoka, babu alikuwa amelala uani, na mimi nilikuwa bado natafuna.

Baada ya hapo kila nilipoogopa nilikula. Melini nilikula, na Matrah, katika chumba kimoja tulichopewa na jamaa, nilikula na kuficha vipande chini ya mto. Nilikuwa naogopa mchana kutwa, kwa hiyo nilikula mchana kutwa. Mama alilijua hilo na hakunikataza. Baba hakulijua, au alilijua likamzidi.

Wiki ile ile ya kofi, shangazi yangu alikuja kutoka Sib. Yeye alikuwa dada mkubwa wa baba, kazaliwa na kukulia Oman, hakupata kuiona Zanzibar. Alivaa barakoa usoni, na Kiswahili alikuwa hajui hata cha kuombea maji. Baba ndiye aliyekuwa mkalimani. Shangazi alinibana nyama ya mkono kwa vidole viwili, mbele ya wageni, akaniita dubba, yaani dubu. Akasema apewe mimi. Tayari alikuwa na watoto watatu nyumbani kwake, wote wa jamaa waliotoka Unguja, wote wa mwili kama wangu, na wazee wao walikuwa wanamwombea dua. Mama alisema mtoto haendi. Baba akasema mtoto ni wake, na dada ni wake, na fedheha pia ni yake.

Nikapandishwa lori, juu ya magunia ya mchele, nikapelekwa Sib. Enzi hizo barabara ilikuwa ni mchanga tu na alama za magurudumu ya waliotangulia.

Nyumba ya shangazi ilikuwa ya makuti ya mtende, karibu na pwani, yenye uwanja wa mchanga katikati. Siku niliyofika alinizungushia kamba kiunoni, akafunga fundo palipokuwa mwisho wa tumbo langu, kisha akafunga fundo jingine mbali kidogo kwa ndani. Akaonyesha kwa kidole: tumbo lako likifika hapa, unarudi kwa mamaako. Hilo nilielewa bila mkalimani. Sikutaka kitu kingine duniani isipokuwa kufika kwenye lile fundo.

Kazi yetu ilikuwa kubeba dagaa. Wavuvi waliwaanika pwani, na sisi tuliwabeba kwa vikapu mpaka kwenye zizi la ngamia wa mumewe, maana huko ngamia hulishwa dagaa, jua likiwa utosini, mchanga ukituunguza nyayo. Aliyesimama alipigwa. Aliyelia alipigwa kwa kulia, na aliyenyamaza akaambiwa ana kiburi, akapigwa. Shangazi alitumia kuti la mtende lililochunwa majani, na alikuwa na shabaha. Alikupiga penye nyama, akiitaja hiyo nyama, kana kwamba yeye na nyama wana ugomvi wao na wewe umepita tu. Chakula chetu kilikuwa tende kidogo na mkate mkavu asubuhi, na jioni vivyo hivyo. Mchana wageni wake walipokula sisi tulikalishwa kando ya sinia, mikono nyuma, tujifunze.

Ukikamatwa unakula kisichokuwa chako, shangazi hakusema neno. Alikuja mbele yako akanyoosha kiganja, kimeelekea juu, akingoja. Ilikubidi uteme ulichonacho kiganjani mwake, kisha uelekeze shavu. Ukimeza, makofi yalikuwa mengi zaidi. Mimi nilijifunza upesi, na nilijifunza vizuri.

Jambo baya kuliko makofi yake lilikuwa makofi yetu wenyewe. Akichoka alimwita mmoja wetu ampige mwenziwe. Kati ya wale watatu alikuwapo msichana mmoja wa umri wangu, mtoto wa Malindi ya Unguja, na tulilala mkeka mmoja. Tulikuwa tunasimuliana vyakula kwa Kiswahili, kwa kunong'ona, urojo na mkate wa ufuta, tukimeza mate. Siku moja akanikamatisha. Aliniona nalamba chumvi ya dagaa vidoleni, akaenda kusema. Alipoambiwa anipige, alinipiga kwa nguvu zake zote, mpaka sikio likavuma, kwa sababu akinipiga polepole angepigwa yeye. Nililijua hilo hata aliponipiga, na bado nilimchukia. Siku zilizofuata na mimi nilimvizia, na nilimpata.

Lile fundo lilikuwa haliji. Nilikuwa nalihisi tumbo langu likipungua, nguo zikipwaya, lakini kila Ijumaa shangazi akinipima kamba haikufika. Siku moja nilimwona akilifungua fundo na kulifunga tena ndani zaidi, mbele ya macho yangu, bila hata kujificha. Nilipiga kelele kwa mara ya kwanza tangu Unguja. Nilimrukia, nikamng'ata mkono, nikang'ang'ania kama anayetaka kuondoka na kipande.

Akasema tamaa yangu haiko mdomoni, iko tumboni, na dawa yake ni moto. Wenyeji wengi waliamini hivyo wakati ule. Mtoto mwenye kifafa, mwenye manjano, mwenye kuharisha, wote walitiwa wasmu, yaani walichomwa kwa chuma kilichotiwa makaani. Mimi sikuwa na maradhi. Nilikuwa na njaa na nilitaka kwetu. Akaitwa mzee mmoja jirani, akaja na kipande chake cha chuma, akakaa kusubiri kiwe chekundu huku akinywa kahawa na kuuliza habari za mvua. Wenzangu waliambiwa wanishike mikono na miguu. Yule msichana alinishika kichwa, akaniziba macho kwa kiganja chake. Mpaka leo sijui kama aliambiwa aniwekee mkono machoni au alifanya kwa hiari yake. Nilichomwa chini ya kitovu, mara moja, na mara ya pili kando yake, kwa kuwa ya kwanza nilitikisika. Nilisikia harufu ya nyama na, Mungu anisamehe, mate yalinijaa mdomoni.

Baada ya hapo nilinyooka. Sikuiba, sikung'ata, sikuuliza fundo. Hata mkate wangu nilikuwa nauacha nusu. Shangazi alifurahi sana. Dereva wa lori alipopita kuelekea Matrah akampa kikapu cha tende na habari njema awapelekee wazee wangu.

Yaliyotokea Matrah nilisimuliwa na mama, na baba hakuwahi kuyakanusha. Dereva alijua Kiswahili cha kuokoteza. Alisimama mlangoni, akatua kikapu, akasema, "Binti yenu salama. Sasa dhaifa. Dhaifa kabisa, alhamdulillahi."

Kwa Kiarabu cha huko, mtu dhaifu ni mwembamba. Mwili umepungua, basi. Tena kwa mdomo wa shangazi ilikuwa sifa. Lakini mamaangu alikuwa mtu wa Unguja, na kwetu sisi dhaifu ni aliyeishiwa nguvu, anayeshikwa mkono kupelekwa chooni. Na ile alhamdulillahi ndiyo iliyommaliza, kwa sababu kwetu mtu hushukuru hata kwa msiba. Anayekuja kukwambia mgonjwa wako hana siku nyingi hukwambia kwa kushukuru, ili na wewe ushukuru usikufuru. Mama akaelewa kuwa nakufa, na kwamba dereva katumwa kumwambia kwa upole.

Akakaa chini pale pale mlangoni. Baba alipokuja na kuelezwa, alicheka mpaka akapangusa macho. Akamfahamisha, kwa subira, kama mwalimu wa chuo cha Kurani: neno ni moja, maana mbili, wao wanakusudia mwembamba, hii ni habari ya furaha. Alikuwa na haki, kila neno alilosema lilikuwa sahihi. Mama alimsikiliza mpaka mwisho.

"Mie Kiarabu chenu sikijui," akasema. "Nnakwenda kumtazama kwa macho yangu. Akiwa mwembamba tu, ntamwacha, ntarudi peke yangu."

Baba akamwambia mwanamke hapandi lori bila ya mume. Mama akajifunga buibui lake, akamfuata dereva barabarani, akapanda. Alikuwa hajawahi kulivuka neno la baba tangu aolewe, na baba alibaki kasimama na kikapu cha tende, hajui ashike lipi.

Mimi nilikuwa kwenye msururu, na kikapu kichwani, alipoingia uwanjani. Nilimwona. Nilimjua kwa mwendo wake hata kabla hajafunua uso. Wala sikumkimbilia. Niliendelea kutembea, maana aliyesimama hupigwa. Aliniita kwa jina la utoto ambalo yeye peke yake ndiye aliyeniita kwalo. Nikageuka, lakini sikumtazama yeye. Nilimtazama shangazi, nione kama naruhusiwa kuitika.

Hapo mama aliuona udhaifu aliokuwa akiufuata. Alikuja akakipiga kikapu kikaanguka, dagaa wakatapakaa, akanikumbata, na nikapiga yowe kwa sababu tumbo langu liligusana na mwili wake. Kidonda kilikuwa kimefanya usaha. Akanipandisha nguo pale pale, mbele ya watu, akatazama.

Mamaangu alikuwa mwanamke mpole, kuku akichinjwa yeye hutoka uani. Alimnyang'anya shangazi lile kuti la mtende. Akampiga nalo mgongoni, mabegani, kichwani, barakoa ikamvuka, na nikauona uso wa shangazi kwa mara ya kwanza, uso wa bibi mzee aliyechoka, mwenye mashavu yaliyoingia ndani. Mama aliendelea kupiga. Kuti lilipokatika alipiga kwa kipande kilichobaki, na kipande kilipomponyoka alipiga kwa mkono. Hakuna aliyemzuia. Yule msichana wa Malindi alikuwa ameanza kuokota dagaa.

Shangazi hakurudisha hata pigo moja. Alikuwa akisema, tena na tena, kwa Kiarabu, na mama hakuelewa. Mimi nilishakielewa siku zile, lakini hakuna aliyeniuliza. Alikuwa akisema kwamba mwaka wa ukame walikula nzige, na wanawe wawili walimfia mikononi, wakati sisi Unguja tulikuwa tunatupa wali kwa kuku. Alikuwa akisema, ninyi mnanona juu ya nini? Ningemhurumia kama ningekuwa mtu mwingine. Nilikuwa mimi, nikafurahi kila alipopigwa, na furaha ile sijaijutia.

Tukaondoka kwa lori lile lile. Wale watatu walibaki, mama hakuwa na amri juu ya watoto wa watu, ijapokuwa alipofika Matrah alikwenda nyumba hadi nyumba kuwaambia mama zao. Wengine walimshukuru. Mmoja alimwambia mama kuwa ana wivu tu na shangazi, kwa kuwa shangazi anajua kulea.

Yule msichana nilikuja kuonana naye tena karibu na 1970, sote tumeshakuwa wanawari, katika harusi. Masinia yaliletwa, watu wakajisogeza, na nikamwona upande wa pili wa mkeka akijishughulisha na mtoto wa mtu, akimtengeneza nywele ambazo hazikuhitaji kutengenezwa. Mimi nilikuwa nafanya vivyo hivyo na kikombe cha kahawa. Tangu hapo tulitambuana katika kila shughuli, wanawake wawili ambao hawagusi sinia mbele ya watu. Hatukuzungumza. Tungezungumza nini, na kila mmoja ana kofi la mwenziwe?

Lakini hayo ni ya baadaye. Siku tuliyofika kutoka Sib, mama alinisafisha kidonda, akanivisha nguo safi, akanipikia wali na mchuzi wa papa, chakula nilichokuwa nakipenda kupita vyote. Hakumwambia baba chochote. Alikuwa amemwekea neno moja tu njia nzima, akaniambia baadaye kuwa alikuwa akilinoa, na alipofika nyumbani likampotea.

Baba alifurahi kuniona. Nataka niseme kweli, alifurahi. Alinigeuza huku na huku, akasema mashallah, nimependeza, nimekuwa mtoto wa Kiarabu sasa, na kesho atanichukua sokoni yule tajiri anione. Mama akatandika mkeka, akaweka sinia. Tukakaa watatu. Mama akanitengenezea tonge kwa mkono wake akanitia mdomoni, kama alivyonitia mikate kule ghalani, na nikaanza kutafuna, taratibu, kwa woga.

Ndimu ilikuwa upande wa mama. Baba, huku akiendelea kuzungumza habari za sokoni, akanyoosha mkono kupitia mbele yangu kuomba apewe. Kiganja kilikuwa kimeelekea juu.

Niliacha kutafuna. Nikainama, nikalitema tonge lote kiganjani mwake, wali na samaki, nikahakikisha kuwa hakikubaki kitu mdomoni. Kisha nikamgeuzia shavu, nikafumba macho, nikangoja.

Nilimsikia mama akivuta pumzi.

"Haya, bwana," akasema. "Weye ndiye mjuzi wa lugha. Na hili nifasirie."

Nilipofumbua macho baba alikuwa bado ameunyoosha ule mkono, tonge langu ndani yake, hajui aliweke wapi, na mimi shavu langu sikuliondoa.